Swali la Kemia au Swali la Kiingereza?

MWALIMU WA KEMIA: Naanza na swali lenyewe, maana ndilo lililozua ubishi. Tulitia asidi ya haidrokloriki kwenye vipande vya zinki mbele ya darasa zima. Mapovu yakapanda, tukasogeza kijiti kinachowaka kwenye mdomo wa neli, ukasikika mlipuko mdogo, na watoto wakasema kwa sauti moja: haidrojeni. Baada ya siku chache nikawapa jaribio la kuandika: "Name the gas given off when dilute hydrochloric acid reacts with zinc." Wengi wakaacha nafasi tupu. Mmoja akaandika kwamba hakuna gesi. Ni watoto walewale na gesi ileile. Sasa walimu wa sayansi hapa Sumbawanga tunatunga mtihani wa moko, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, na ninachoomba ni kitu kidogo tu: palipo na "given off" paandikwe "produced".

MWALIMU WA KIINGEREZA: Kidogo kwako, Mwalimu. Mtihani wa Novemba hautungwi Sumbawanga. Unatungwa na Baraza la Mitihani kwa ajili ya nchi nzima, na vitabu vya kemia vya Kiingereza vimejaa "give off", "carry out", "set up", "find out". Ukimfichia mtoto maneno hayo kwenye moko, atakutana nayo Novemba akiwa peke yake, wewe hupo na mimi sipo.

MWANAFUNZI: Walimu, mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna gesi. Naomba nieleze nilivyofikiri. "Given" naijua, ni kupewa au kutolewa. "Off" nayo naijua, imeandikwa kwenye swichi ya bwenini: upande mmoja ON, upande wa pili OFF. Niliposoma "gas given off" nikaona ni gesi iliyozimwa. Nikajiuliza kwa nini izimwe wakati tuliiona ikiwaka, nikadhani ni swali la mtego. Nikajibu nilivyolielewa.

MWALIMU WA KEMIA: Mmesikia? Huyu hakukosa akili. Alichukua maneno mawili anayoyajua, akayaunganisha kwa uaminifu, akafika mahali pasipo na maana. Wala si yeye wa kwanza. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza jijini London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii, ambavyo kijineno kidogo cha mkiani hugeuza maana yote, ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko kitu kingine chochote. Huyo ni Mwingereza mwenyewe, mtunga kamusi. Leo tunamtaka mtoto wa Mpui avijue bila kufundishwa, tena ndani ya mtihani wa somo jingine.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Johnson alisema ni vigumu. Hakusema vifutwe. Alivikusanya kwa bidii ili wanaojifunza Kiingereza wasishindwe navyo. Na sisi tujiangalie. Mtoto wa Kifipa alijifunzaje Kiswahili? Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga kura. Ni kipi hapo kinachopigwa? Tunakula kiapo, tunakula njama. Mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa atadhani siku ya uchaguzi tunachapa karatasi viboko. Sijamwona mzazi wa Ufipa aliyekuja kuomba "kupiga kura" iwe "kuchagua" kwa kuwa nyumbani kwake wanazungumza Kifipa. Watoto walijifunza, wakazoea, na leo wanatunga insha kwa lugha hiyo.

MWALIMU WA KEMIA: "Kupiga kura" ameisikia. Ameisikia redioni, mkutanoni, sokoni, kanisani wakati wa matangazo, kwa konda wa basi la Tunduma. Kiswahili kiko naye tangu anaamka mpaka analala. Kiingereza anakisikia kwako, kipindi cha dakika 40, darasa limejaa, nawe unakimbizana na muhtasari. Semi za lugha huingia kwa mazoea. Ukitoka getini kwetu ukaenda mpaka Laela, utakutana na nani anayesema "give off"?

MWALIMU WA KIINGEREZA: Sitakutana na mtu. Ndiyo maana darasani panahitajika zaidi, na ndiyo maana sikubali hata kipande kimoja kiondolewe.

MWANAFUNZI: Kidato cha pili tuliandika orodha ubaoni. "Give up" kukata tamaa, "give in" kusalimu amri, "give away" kugawa bure, "give back" kurudisha. Tulikariri, na kwenye jaribio nilipata zote. Baada ya likizo zikawa zimechanganyika. Iliyobaki kichwani ni "give" peke yake.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Orodha hizo ndizo adui yangu. Ukimpa mtoto vitenzi ishirini kwa sababu tu vyote vinaanza na "give", umempa kapu la vitu visivyojuana. Mimi siku hizi naanzia mkiani. Chukua "off". Kiswahili kina bandika na bandua, ezeka na ezua, anika na anua, chomeka na chomoa, panga na pangua. Mwisho wa kitenzi ukibadilika, kitu kilichokuwa kimeshikana na kingine kinaachana nacho. Kifipa ni lugha ya Kibantu vilevile, nacho kinageuza kitendo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo wazo hilo mtoto analo kabla hajaingia shule. "Off" ndiyo hiyo: kuachana na mahali. Kofia uki-"take off", inaachana na kichwa. Tawi uki-"cut off", linaachana na mti. Bandiko uki-"peel off", umelibandua. Na gesi iliyo "given off" imeachana na kimiminika, imekwenda zake hewani. Hata ile swichi, mwanangu: umeme umetenganishwa na taa. Swichi haikukudanganya, ila ilikuonyesha upande mmoja tu wa neno.

MWANAFUNZI: Kumbe gesi imebanduka. Ningeambiwa hivyo ningeandika haidrojeni.

MWALIMU WA KIINGEREZA: "Up" nayo mara nyingi ni kumaliza kabisa: "eat up", "use up", "dry up". "Out" ni kutoka kufichika na kuwa peupe: "find out", "point out", "work out". Mtoto akishika vijineno vitano au sita hivi, anaanza kukisia, na anakisia sawasawa mara nyingi kuliko anavyokosea.

MWALIMU WA KEMIA: Maelezo ni mazuri, na nasema kwa dhati kwamba nitayatumia. Lakini nijibu hili. "The lights went off": taa zimezimika. "The alarm went off": king'ora kimelia. "The bomb went off": bomu limelipuka. "The milk went off": maziwa yameharibika. Kitenzi kimoja, kijineno kimoja. Hapa kitu kimenyamaza, pale kitu kimelia. Utabandua nini?

MWALIMU WA KIINGEREZA: Hapo sibandui kitu. Hivyo vinafundishwa kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya sentensi yake, kama alivyojifunza kupiga deki.

MWALIMU WA KEMIA: Na mtihani wa kemia ndio mahali pa kugundua kimoja ambacho hakufundishwa? "Produced" ina maana moja, iko kwenye kamusi chini ya herufi P, na ataikuta hivyohivyo kwenye kitabu cha baiolojia na cha jiografia. Mwalimu yeyote wa mikoani anajua jambo hili: kwa mtoto wetu neno refu la Kiingereza ni jepesi kuliko fupi. Kwa Mwingereza "put off" ni lugha ya mtoto na "postpone" ni lugha ya ofisini. Kwetu imegeuka. "Postpone", "discover", "tolerate", "release" yanamjia mazima, kila moja na maana yake. "Put off", "find out", "put up with", "let out" yametengenezwa kwa maneno ya shule ya msingi, na hapo ndipo yanapomponza. Neno asilolijua ataliulizia. "Given off" hakuiulizia kwa sababu alidhani anaijua.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Hilo la neno refu ni kweli, na lina asili yake. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilishika mahakama, kanisa na shule, na maneno marefu mengi yakaingia kwa njia hiyo. Maneno mafupi yakabaki shambani, jikoni na karakanani. Kwa hiyo, ukimwondolea mtoto wetu "give off" na kumwachia "produce", umempa Kiingereza cha jaji ukamnyima cha mkulima. Ataweza kusoma barua ya serikali, lakini akikaa na Wazambia wakipiga soga kwa Kiingereza hatajua wanasema nini.

MZAZI: Hapo mmefika kwangu, walimu wangu. Mpaka wa Kasesya naujua, napitisha maharage na mahindi pale. Na Wazambia wa Mbala tunaongea Kimambwe, maana Wamambwe tuko pande zote mbili. Wakongomani wa Moba na Kalemie wakija na maboti bandari ya Kasanga tunaongea Kiswahili, chao kina mtindo wake lakini bei tunaelewana. Kwa biashara ya mdomo Kiingereza sijakihitaji hata siku moja.

MWALIMU WA KEMIA: Asante, Mama. Hilo ndilo nililotaka lisemwe.

MZAZI: Subiri, Mwalimu, sijamaliza. Biashara ina karatasi, na karatasi za upande wa pili ni za Kiingereza. Tena kuna jambo lililonitisha. Nilinunua ng'ambo dawa ya kuua magugu, maelekezo yake yote Kiingereza. Mwanangu yuko kidato cha tatu, nikampa anisomee. Alisoma vizuri, sauti kama ya mtangazaji. Nikamwuliza, yanasemaje? Akanyamaza. Palikuwa na "wash off". Palikuwa na "keep out of reach of children". "Keep" anaijua, "reach" anaijua, "children" anaijua. Akaniambia, mama, wanasema tuitunze pale watoto wanapofikia. Niliona haiingii akilini kwa dawa kama hiyo, nikaipeleka kwa bwana shamba. Akanieleza kinyume chake. Nyinyi mnabishana habari ya gesi. Mimi nina sumu ndani ya nyumba.

MWALIMU WA KIINGEREZA: "Out of". Vijineno viwili tu vilibeba uhai wa watoto wako, Mama, na ndivyo alivyoviruka.

MWALIMU WA KEMIA: Alivyoviruka baada ya miaka ya kufundishwa masomo yote kwa lugha hiyo! Mama, maelekezo ya sumu yanatakiwa yaandikwe kwa lugha anayoielewa yule anayeinyunyiza. Hilo kopo linanishuhudia mimi.

MZAZI: Yanatakiwa, ndiyo. Lakini kopo lilikuwa mkononi, na magugu yalikuwa yanapanda juu ya mahindi. Siku ile sikuwa na wa kumlilia isipokuwa mtoto ninayemsomesha.

MWALIMU WA KEMIA: Basi tuseme wazi kilicho chini ya ubishi huu. Mtoto anasoma kwa Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, utaratibu ulioanza baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Anafika kidato cha kwanza, anapewa kozi ya Kiingereza ya wiki chache, kisha historia, jiografia, baiolojia na kemia zote zinamgeukia lugha. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba hata wa kidato cha nne, walio wengi hawajafikia kiwango cha kufundishwa masomo mengine kwa lugha hiyo. Kilichofuata ni mradi wa vitabu na mafunzo ya walimu uliogharamiwa na Uingereza. Miaka ya 2000 Martha Qorro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia uitwao LOITASA, walilinganisha madarasa ya kidato cha kwanza yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likaacha sekondari kwenye Kiingereza. Tangu Makweta mpaka leo ni zaidi ya miaka 40. Mwaka 2021 tulibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mtu anaweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, lakini hawezi kuulizwa kwa Kiswahili gesi gani imetoka kwenye zinki.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Toleo la 2023 umelitaja nusu. Lilizinduliwa Dodoma Februari 2025, na limepeleka Kiingereza darasa la kwanza badala ya kusubiri la tatu. Sasa nikuulize. Ni Kiingereza gani kila Mtanzania aliyekanyaga shule anakijua, hata aliyeishia njiani? "Stand up." "Sit down." Vitenzi vya maneno mawili, vyote! Hakuna aliyeomba "stand up" iwe "rise". Hakuna aliyeandika orodha. Mtoto wa miaka sita akicheza na "come in", "wake up", "put down", "pick up", vijineno vitamwingia kabla hajajua kwamba ni vigumu.

MWALIMU WA KEMIA: "Stand up" iliingia kwa sababu mwalimu aliinua mkono na darasa zima likasimama. Kitendo kilikuwa mbele ya macho. Nionyeshe mkono wa "put up with". Na huyo wa darasa la kwanza atafundishwa na nani? Na mwalimu aliyepita kwenye shule hizihizi na orodha hizihizi, huko Bonde la Ziwa Rukwa, peke yake na watoto wengi, ambaye hicho Kiingereza chenyewe kimeongezwa juu ya mzigo aliokuwa nao.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Huyo mwalimu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Ananipigia simu jioni kuniuliza. Usimseme kana kwamba ameshindwa tayari.

MWALIMU WA KEMIA: Simsemi yeye, nasema waliomwacha peke yake. Nikupeleke mbali kidogo. Watu wa uwanda huu wa Ufipa walitengeneza chuma katika malungu, matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu. Humo hawakutumia mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, makaa yakawaka, kaboni ikaondoa oksijeni kwenye mawe ya madini, kisha kile kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru dogo. Hiyo ni mada ya kidato cha tatu, "extraction of iron", nzima. Ilifundishwa kwa Kifipa na kueleweka kwa Kifipa, na majembe yakatoka.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Na leo ukitaka kusoma malungu yalivyofanya kazi utasoma wapi? Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, ameyachunguza kwa miaka, na maandishi yake ya kitaalamu ni ya Kiingereza. Roy Willis alikuja Ufipa miaka ya 1960, akakusanya hadithi za wazee, zikachapishwa Oxford mwaka 1978 kwa Kiingereza. Mjukuu wa mfua chuma akipewa Kiingereza cha nusu, kazi ya babu yake ataisikia kwa wengine tu.

MWALIMU WA KEMIA: Hilo ni deni la kutafsiri, na deni hulipwa na mdaiwa. Kwa nini mtoto wa Nkasi avuke kwanza "find out" ndipo ajue tanuru lililo nyuma ya shamba lao lilikuwa la nini?

MWALIMU WA KIINGEREZA: Kwa sababu hajaja mtu wa kulilipa. Mimi nina mtoto mbele yangu leo.

MZAZI: Hapo Mwalimu amesema ninachotaka kusema. Tafsiri ataifanya nani, na lini? Wangu anafanya mtihani mwakani. Watoto wa Dar es Salaam waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea wanayasikia maneno haya kwenye katuni sebuleni. Cheti chao na cha wangu ni kimoja, ofisi ya kuombea kazi ni moja. Nikisikia walimu wa Rukwa wanapunguza maneno ili mtoto wa Rukwa afaulu, naumia. Nasikia mkisema: huyu wa Ufipa, mpe nusu.

MWALIMU WA KEMIA: Mama, nusu anapewa sasa hivi. Anaijua kemia, aliionyesha maabara kwa mkono wake, na karatasi ikampa sifuri. Sipunguzi kemia hata tone. Naondoa kitu ambacho si kemia.

MZAZI: Na akienda kidato cha tano? Akienda chuo kikuu? Utakwenda mbele yake ukiondoa?

MWALIMU WA KEMIA: Akifika huko atakuwa amefika kwa sababu alama zake za kidato cha nne zilihesabiwa kwa haki. Wengi wanaishia hapo, Mama. Wanarudi nyumbani wakiamini hawana akili ya sayansi.

MWANAFUNZI: Naomba kusema tena. Tumekuwa tukifanya mazoezi ya karatasi za miaka iliyopita. Tatizo si "given off" tu. Kuna "carry out". Kuna "set up". Kuna "bring about". Kuna "account for the following", ambayo nilidhani ni mambo ya akaunti, ya biashara. Kuna "the solution was made up to 250 cm³". Mekapu naijua, iko saluni. Pikapu naijua, ndiyo inayotubeba likizo. Hiyo ya mchanganyiko sikuijua. Mkibadilisha moja, hizi nyingine mtazifanyaje?

MWALIMU WA KIINGEREZA: Umeuliza vyema kuliko sisi wote. Mwalimu, ukianza kuondoa utaondoa mpaka wapi? "Account for" utaiita nini? "Explain"? Na siku atakapoikuta kwenye karatasi ya taifa, ambayo wewe hukuitunga?

MWALIMU WA KEMIA: Ndiyo, "explain". Ina ubaya gani? Na kama zote haziwezi kuondolewa, hiyo ni hoja ya kuandika swali lote kwa Kiswahili. Weka lugha mbili kwenye karatasi moja, juu Kiingereza, chini Kiswahili.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Atasoma ya chini tu.

MWALIMU WA KEMIA: Asome! Kisha anijibu kemia.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Na baada ya miaka minne ya kusoma ya chini tu, kopo la Mama litasomwa na nani?

MWALIMU WA KEMIA: Kopo la Mama lilisomwa na mtoto aliyesoma ya juu tu, na lilisomwa vibaya. Hatujajaribu hiyo nyingine. Huwezi kuilaumu kabla haijazaliwa.

MZAZI: Mwalimu wa Kiingereza, hapo amekubana.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Amenibana, sikatai. Lakini amenipa na jambo jingine bila kujua. Alisema "stand up" iliingia kwa sababu kitendo kilikuwa mbele ya macho. Basi kemia ndilo somo lenye vitendo kuliko yote! Nifungulie maabara yako. Wewe utie asidi, mimi nisimame pembeni. Povu likipanda niseme: "Look, a gas is being given off." Maji yakimiminwa mpaka alama ya 250 tuseme wote: "Make it up to the mark." Vifaa vikipangwa: "Set it up." Mwisho wa kipindi hakuna atakayefikiria swichi ya bwenini. Kiingereza changu kimekosa kitu cha kushika, na vitu viko kwako.

MWALIMU WA KEMIA: Hilo nalikubali bila masharti. Njoo hata kesho. Lakini angalia: wewe na mimi ni shule moja. Karatasi hii ya moko inakwenda shule nyingi. Ziko ambazo asidi yenyewe hawana, watoto wanasoma maabara ubaoni. Huko hakuna povu la kuonyesha wala wewe hutakuwepo pembeni. Mtoto wa huko anaisoma "given off" akiwa na swichi tu kichwani, na pengine kijiji chao hata swichi ni ya juzi. Nimtungie swali gani?

MWALIMU WA KIINGEREZA: Swali lilelile atakalotungiwa na taifa.

MWALIMU WA KEMIA: Ili ashindwe mara mbili?

MWALIMU WA KIINGEREZA: Ili ashindwe kwenye moko, tumsahihishie, asishindwe Novemba. Moko ni ya nini tena?

MWALIMU WA KEMIA: Ni ya kunionyesha kama anajua kemia. Akiacha wazi pale, sitajua kama hakuijua haidrojeni au hakuijua "off". Nitamrudishia somo la asidi ambalo analijua, na nitapoteza wiki nzima ya masomo.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Basi tuulizane na mwenye mtihani. Mwanangu, wewe ungetaka tuandike ipi?

MWANAFUNZI: Kwangu mimi, Mwalimu, andikeni yoyote. Leo nimesikia habari ya kubandua, na "given off" ikija nitaandika haidrojeni bila kusita. Ila wenzangu wa Mtowisa na Ilemba tutakaofanya nao karatasi hiyo hawajakaa hapa kusikiliza.

MWALIMU WA KIINGEREZA: Nipeni usafiri niwafuate bondeni. Shule moja baada ya nyingine, kabla ya moko.

MWALIMU WA KEMIA: Rasimu inapelekwa kuchapwa Jumatatu.